Hewa ya Kila Zamu

Lodwar, Jumapili alasiri

Nekesa, mama,

Wewe na mama yako mmekwenda sokoni kutafuta mkeka na ndoo yenye kifuniko, na najua hamtarudi upesi, maana mama yako hanunui ndoo kabla hajazigonga zote kwa kidole. Nimekaa mezani na daftari lako la zamani la baiolojia, naandika kwenye kurasa za mwisho ulizoziacha tupu. Maagizo ya kila siku sikuandikii. Chandarua, maji ya kuchemsha, viatu vya kukung'uta asubuhi kabla hujavivaa: hayo mama yako ameyasema mpaka umeanza kuyamalizia wewe. Mimi nina jambo moja tu, na limenikaa kifuani tangu uliponiambia kwamba umepangiwa hospitali ya kambini, Kakuma.

Unakumbuka siku ile? Ulikuja na barua mkononi, nesi mpya, meno yote nje. Nami baba yako, badala ya kukupongeza, nilisema, "Kakuma? Basi jihadhari na yule Daktari Maji." Ukauliza, "Yule aliyemtia mgonjwa maji kooni?" Nikajibu, "Huyo huyo." Tukaendelea kula.

Kesho utamkuta. Siku hizi anasukuma machela na kuwatafsiria wagonjwa dirishani, kwa hiyo huenda yeye ndiye atakayekufungulia mlango. Anaitwa Yohana. Nataka umjue kwa jina hilo kabla hujafika. Lile jina lingine nililitunga mimi, na kosa analosemewa si lake. Ni langu.

Nashuku hata uandishi huu. Ningeweza kukwambia kwa mdomo, na wiki nzima nimepata nafasi. Jana tulikuwa wawili tu, tunafunga sanduku lako kwa kamba, nikazungumzia kamba. Nafikiri nimechagua karatasi kwa sababu karatasi haigeuzi uso.

Wewe unanijua. Nimekuwa mtu wa kushuku tangu nilipofika huku kutoka Bungoma, kijana, nikiwa na cheti cha nusukaputi na viatu viwili ambavyo nilivihesabu kila asubuhi. Hata wewe nimekushuku. Ulipokuwa kidato cha tatu ulifunga kitambaa kichwani wiki mbili mfululizo, hukufungua hata ndani ya nyumba. Nikasema moyoni, hapa pana mvulana. Siku moja nilikufuata mpaka kwenye mchanga wa mto Turkwel, nikajificha nyuma ya kichaka cha mathenge, mtu mzima mwenye miwani, nikakuta umevua kitambaa unapaka dawa ya mba. Miiba ilinichana mguu. Niliporudi nilimwambia mama yako kwamba nilikuwa nikitafuta mbuzi. Hatuna mbuzi.

Basi huyo ndiye aliyempokea mgonjwa uwanja wa ndege, mwaka jana, wakati wa mvua.

Mgonjwa alikuwa mwanamke wa Lopur, karibu na Kakuma, aitwaye Akiru. Aliumwa na nyoka akiokota kuni. Sumu ile ni ya kulegeza: kwanza kope zinaanguka, kisha ulimi, kisha kifua kinasahau kazi yake. Kaka yake, Ekai, alimpakia kwenye bodaboda, katikati yake na dereva, mpaka hospitali ya kambini. Yohana ndiye aliyekuwa zamu. Ni mkimbizi kutoka Sudan Kusini, alisomea kazi yetu hii ya nusukaputi kwao, na hapa alikuwa akiifanya kama msaidizi kwa posho, kwa kuwa mkimbizi haajiriwi vingine. Alimwekea Akiru mpira wa kupumulia kwa mara ya kwanza bila kukosea. Kambini hawakuwa na mashine ya kumpumulia kwa siku nyingi. Sisi hapa Lodwar, katika hospitali yetu ndogo, tulikuwa nayo moja. Malaga, ile mito ya mchanga, yalikuwa yamejaa maji na barabara imekatika, kwa hiyo akaletwa kwa ndege ndogo, Yohana akikamua mfuko wa hewa kwa mikono njia nzima.

Niliwakuta chini ya bawa la ndege. Shati lake lilikuwa limeloa jasho mpaka kwenye mkanda. Hakunisalimu. Alishika kile kiputo kidogo kinachoning'inia nje ya mdomo wa mgonjwa, akanionyesha.

"Doktor, hapa ndani si hewa. Ni moya. Maji, ile safi ya chumvi. Sababu ya ndege."

"Nimesikia."

"Ukifika wodi, toa yote, weka hewa. Kidogo tu, mpaka ile sauti ya kuvuja iishe, basi. Halafu usiongeze."

Nilimtazama. Nikamwambia, "Bwana mdogo, kazi hii nimeifanya kabla wewe hujazaliwa."

Alicheka, mikono bado inakamua. "Basi wewe ni baba yangu," akasema. "Baba, usiongeze."

Sikumwuliza kwa nini maji. Swali lilikuja mpaka kwenye meno nikalimeza, kwa sababu kumwuliza kungekuwa kukiri kwamba sijui. Badala yake nilishuku. Nilisema, watu wa kambini wanaokoteza mambo, huyu hana hata bomba la kutosha la hewa, ametia maji kuficha puto bovu.

Wewe wodi utakayoanzia hupokea wagonjwa wa namna hiyo kabla hawajahamishwa, kwa hiyo nivumilie nikueleze, unajua napenda kueleza. Mpira ule una puto karibu na ncha yake, kama mkanda unaouzunguka. Likijazwa, linaziba pengo kati ya mpira na ukuta wa koo la hewa, ili pumzi ya mashine isirudi mdomoni na mate yasiteremke mapafuni. Kiputo cha nje ni shahidi wa lile la ndani: kikiwa kigumu, la ndani nalo ni gumu. Sasa bonyeza kucha yako. Imekuwa nyeupe? Ukiachia, wekundu unarudi. Ukuta wa koo la hewa nao una ngozi laini inayolishwa na mishipa myembamba kama nyuzi za buibui. Puto likikaza kupita nguvu ya damu, ngozi ile inakuwa nyeupe kama kucha, na hakuna anayeiona, kwa kuwa iko ndani. Ukiibonyeza hivyo siku tisa bila kuiachia, inakufa. Inakuwa kidonda, kidonda kinafika kwenye gegedu, na mgonjwa akishapona na kwenda kwao, kovu linaanza kujivuta polepole kama ngozi ya mbuzi iliyoanikwa. Tundu linafinyika. Wakati mwingine ukuta unatoboka kabisa. Akiru hakutoboka. Alifinyika.

Na maji? Unakumbuka ulipokuwa darasa la nne, tukienda likizo kwa bibi yako, ile pakiti ya krispi uliyoishika toka Lodwar? Tulipopanda milima ya Kamatira ilivimba mpaka ukaogopa itapasuka, ukaniomba niishike. Na tuliporudi, chupa ya maji tuliyoifunga tupu Kapenguria ilifika hapa imekunjamana kama imekamuliwa. Hewa hutanuka ukipanda na kusinyaa ukishuka. Maji hayafanyi hivyo. Yohana alijua kwamba puto lililojazwa hewa Kakuma lingevimba angani ndani ya koo la yule mama. Jambo hilo mimi nilikushikia mkononi miaka mingi kabla, kwenye pakiti ya krispi, na sikulijua.

Tulipofika wodini niliyatoa yale maji. Hapo nilimtii. Nikatia hewa, nikapima kwa vidole, kama nilivyofundishwa na kama nilivyomfundisha kila nesi aliyepita mkononi mwangu: finya kiputo, kiwe kigumu kama ncha ya pua. Kesho yake nikautazama mpira wenyewe nikaona ni namba saba. Nikasema, huu ni wa mtoto, kijana ameogopa. Nikautoa nikaweka namba nane. Akiru ni mwanamke mwembamba. Siku zile presha yake ilikuwa chini, damu inasukumwa kwa unyonge, na ngozi inayolishwa kwa unyonge haihitaji kubonyezwa sana ili ife. Nilijua kila moja ya mambo haya peke yake. Sikuyakalisha pamoja.

Na juu ya hayo palikuwa na desturi yetu. Hukuiona, kwa sababu ulikuwa chuoni, lakini manesi wangu wote waliifuata, na mwalimu wao ni mimi. Zamu ilipobadilika, anayeingia aliongeza hewa kidogo kwenye puto. Asubuhi, mchana, jioni. Tuliiita hewa ya zamu. Ilianza kwa sababu nzuri: mara moja tulipata puto linalovuja, mgonjwa akaingiwa na mate kifuani, akafa, nami niliapa kwamba haitatokea tena. Basi kila anayeingia alishuku kwamba anayetoka amezembea, akaongeza. Hakuna aliyepunguza. Hakuna aliyeandika. Tulijaza koo la mtu kama watu wanavyojaza gurudumu la bodaboda kabla ya safari ya mbali. Siku tisa, mara tatu kwa siku. Fanya hesabu wewe, mimi nimeshaifanya.

Sumu ilipoisha mwilini Akiru alifumbua macho, tukautoa mpira, akapumua mwenyewe. Wodi nzima iliimba. Ekai alicheza pale pale kando ya kitanda, akiruka wima kama wanavyoruka kwao, mpaka chupa ya dripu ikatikisika. Wiki ile nilitembea Lodwar kama mwenye mji.

Alirudi baada ya mwezi na nusu. Nilimsikia kabla sijamwona. Kila alipovuta pumzi palitoka mluzi mwembamba. Ekai alikuwa amemshika mkono.

"Ejok, Ekai," nikamsalimu.

"Hakuna ejok hapa, daktari. Mimi nilileta dada yangu kwa wewe, nyoka ameuma. Nyoka umetoa, asante. Saa hii ni nini hii inaimba kwa shingo?"

"Ni mafua labda."

"Mafua ya mwezi moja? Huyu ndiye mwenye kuimba kisimani kwetu. Wale wanashika karai wote wanamfuata yeye. Sasa akifungua mdomo, filimbi. Watoto wanacheka. Mmeweka filimbi ndani?"

Nilimwambia hakuna filimbi. Kisha nikaanza kufanya ninachokijua vizuri kuliko nusukaputi, nikashuku.

Nilimshuku Ekai mwenyewe, kwamba alimnywesha dawa ya mizizi yenye kuunguza. Nilimwuliza mara tatu kwa njia tatu, mpaka akasema, "Wewe ni daktari ama ni polisi?" Nilimshuku mke mwenza wa Akiru, mama ambaye sikuwahi kumwona kwa macho. Nilimshuku Sista Agnes, mkuu wa manesi wetu, kwamba aliuvuta mpira siku ile kabla ya kutoa hewa kwenye puto, jambo ambalo kweli hukwangua koo. Aliniambia, "Mzee, puto nililitoa hewa ukiwa umesimama nyuma yangu. Wewe unashuku hata kivuli chako. Nyani..." Akaiacha methali hapo kwa heshima. Nilimshuku Yohana kwamba alimchoma kwa ule waya wa kunyooshea mpira, kama ncha ya waya ilitokeza. Inatokea, uwe mwangalifu nao. Lakini mchomo wa waya haungojei wiki sita. Hilo nalo nilijua.

Tulimpeleka Eldoret. Daktari wa koo alimchungulia kwa kamera, akanipigia simu.

"Mzee, tundu limebaki kama la kalamu. Kovu ni la mviringo, kama pete, pale pale puto linapokaa. Mlikuwa mkipima puto kwa nini?"

"Kwa vidole."

"Vidole vya nani?"

Nikamjibu, "Mgonjwa alitoka Kakuma." Mama, rudia kusoma jibu lile. Hakuuliza alitoka wapi.

Kikao kilifanyika hospitalini kwetu, na watu wa kambini walikuja. Niliandika ripoti, kwa kuwa mimi ndiye ninayeandika vizuri. Niliandika kwamba mgonjwa alipokelewa puto likiwa limejazwa maji. Niliandika kwamba kujaza maji si njia inayotumika katika hospitali yetu. Niliandika kwamba jeraha limekutwa mahali pa puto. Ukitafuta uongo katika ripoti ile hutaupata, na hilo ndilo linaloniogofya zaidi. Sikuandika kwamba maji yale yalikaa kooni muda usiofika saa mbili. Sikuandika kwamba niliambiwa. Sikuandika hewa ya zamu.

Yohana alikuwepo, amekaa karibu na mlango. Mkubwa mmoja alimwuliza kwa nini alitia maji. Akaanza kueleza, Kiswahili kikamkwama, akaingiza Kiarabu cha Juba, watu wakatazamana. Nami, ili kufupisha mambo, nikasema, "Bwana mwenyekiti, huyu si daktari wa dawa, huyu ni Daktari Maji." Walicheka wote. Kicheko kilikuwa cha uchovu tu, joto lilikuwa kali, lakini jina lilipanda gari likafika Kakuma kabla yake.

Walimwondoa chumba cha upasuaji wiki ile ile.

Alipotoka alipita mbele yangu. Nilitega masikio nisikie tusi, nilikuwa nimeliandalia jibu. Alisema tu, "Baba, uliongeza?" Nikajifanya naokota kalamu.

Kabla ya uchaguzi wa mwaka huu nilitumwa semina Eldoret. Mwalimu alikuwa msichana wa rika lako. Alikata vipande vya bomba la kumwagilia bustani, akaingiza mpira ndani ya kila kimoja, akatuambia tujaze puto kama tunavyojaza kwa wagonjwa wetu. Mimi mkubwa wa wote nikaanza. Nikafinya kiputo: ncha ya pua. Nikaridhika. Akaunganisha kwenye kiputo kipimo mfano wa saa ndogo ya duara, yenye mshale na sehemu ya kijani, na mshale ukapita kijani, ukapita nyekundu, ukagonga mwisho, ukakaa hapo ukitetemeka. Wenzangu walipiga makofi kwa mzaha. Mmoja akasema, "Mzee wa Lodwar ameweka upepo wa trela!" Nami nilicheka nao. Ndipo yule msichana akasema, kama jambo la kupita, kwamba mgonjwa anayesafiri kwa ndege wengine humwekea maji ya chumvi, na wakitua huyatoa na kurudisha hewa, kwa kipimo.

Usiku ule nililala na kiatu kimoja mguuni.

Kila hospitali ilipewa ile saa moja. Ya kwetu nilirudi nayo Lodwar nikaifungia kwenye droo yangu.

Hapa ndipo nataka usome taratibu, maana kosa la kwanza nililifanya kwa kutojua, hili la pili nililifanya nikijua. Saa ile ilikaa kwenye droo miezi mitano. Nilijua kwamba siku nitakapoitundika, mtu atauliza, "Kumbe vidole havitoshi? Tangu lini? Na yule wa Lopur?" Kwa hiyo nilikuwa nikiingia wodini peke yangu, mara moja kwa siku, nikiwa nimeificha mfukoni, napima, napunguza, naondoka. Kisha zamu inaingia, inaongeza. Nilikuwa nikipambana na desturi yangu mwenyewe kwa siri, na zamu ni tatu, mimi ni mmoja. Walipita wagonjwa watatu miezi ile. Wawili wamekwenda kwao wakipumua vizuri. Mmoja wa Nakalale sijapata habari zake, na kila mwanamke anayekohoa getini natoka kutazama.

Mwezi wa sita tulipita Lopur na gari la chanjo. Kando ya barabara watu walikuwa kwenye laga, wamechimba kisima kirefu mchangani, wamesimama ndani yake kwa ngazi, karai linapanda kutoka mkono hadi mkono. Akiru alikuwa wa tatu kutoka juu. Eldoret walimfungulia tundu shingoni chini ya lile kovu, na anapumulia kibomba cha chuma mpaka atakaporudi kukatwa sehemu iliyofinyika. Shanga zake zote zimevuliwa ili kibomba kipate nafasi. Unajua kwao mwanamke havui shanga ovyo. Ekai aliniambia zamani kwa simu, "Watu wanamwona shingo tupu, wanamwuliza nani amekufa." Wimbo ulikuwa ukiimbwa na mwingine, msichana tu, na karai lilikuwa likichelewa kidogo kila lilipofika mkononi mwa Akiru, kwa sababu yeye alikuwa bado anafuata mwendo wake wa zamani.

Dereva aliniuliza, "Tusimame tuwasalimie?" Nikamwambia tumechelewa.

Kisha wewe ukaja na barua yako ya Kakuma, nami nikasema lile neno mezani. Nililisikia likitoka mdomoni mwangu. Ulilicheka, mama, kwa kuniamini, na sikuwahi kuona kicheko chako kikinikera kabla ya siku ile. Nikaona kwamba utafika pale, utamtazama yule mtu kwa jicho nililokupa mimi, na akikwambia jambo la kumwokoa mgonjwa, utajibu, "Nimesikia." Ungekuwa umerithi uwanja wa ndege.

Ijumaa nilifungua droo, nikatundika saa ile kwenye msumari juu ya kitanda cha mashine. Sista Agnes akaja.

"Hii imetoka wapi?"

"Eldoret."

"Lini?"

Nikamwambia lini. Akahesabu kwa vidole mpaka kidole cha tano. Kisha akavuta kiti akaketi, akasema, "Mzee, manesi wangu nimewafundisha hewa ya zamu kwa mdomo wangu." Nilimwona akifuta uso kwa kofia yake, sikujua kama ni jasho. Jioni ile aliwaita wote, akawaambia kuanzia leo hakuna anayeongeza bila kupima na kuandika, na anayepunguza naye aandike. Mmoja akauliza kama ni agizo la kaunti. Akasema, "Hapana. Ni la mzee."

Kuhusu kushuku sitakwambia uache. Kazi hii bila kushuku inaua. Shuku kiputo kinachoonekana sawa, shuku kimya cha mashine, shuku mgonjwa anayesema hajambo huku mabega yanapanda. Mimi nilikuwa na shaka ya kutosha hospitali nzima, ila nilizungushia ukuta mahali pamoja nikasema hapa haiingii, na mahali penyewe palikuwa vidole vyangu kumi. Na mtu wa chini yako akikwambia neno usilolielewa, uliza pale pale, mbele ya watu, hata kama uso utawaka. Uso hupoa.

Ndani ya daftari hili utakuta karatasi nyingine, imekunjwa, haikufungwa kwa gundi. Ni barua kwa mkuu wa hospitali ya kambini, na nakala yake kesho asubuhi itakuwa mezani kwa mkuu wangu hapa. Nimeeleza maji yalikaa muda gani, nani aliyeyatoa, mpira namba nane, hewa ya zamu, droo. Nimeomba Yohana arudishwe kazini kwake. Nashuku hawatamrudisha kwa wepesi, watu hupenda jina likishakuwa la kuchekesha. Nashuku pia kwamba mimi nitaitwa, na huenda nisifike kustaafu kwa sherehe ya soda na keki kama walivyopanga. Mama yako nimemwambia asubuhi, kabla hamjatoka. Ndiyo maana amevaa viatu vya kanisani kwenda sokoni. Hataki watu wamwone amelegea.

Isome barua ile. Ukikuta neno nililojitetea, likate kwa kalamu yako, nami nitainakili upya.

Sitakupa uibebe. Mzigo wa kwanza wa kazi yako hautakuwa wangu. Gari la hospitali linaondoka saa kumi na mbili ili kuwahi msafara wa polisi, nami nimemwomba dereva nafasi. Nitakaa nyuma, na masanduku. Watu watadhani ni mzee anayemsindikiza binti yake, na waache wadhani hivyo mpaka Kakuma. Tukirudi, dereva amekubali tusimame Lopur. Safari hii hatutakuwa tumechelewa.

Yohana akitufungulia mlango, msalimu wewe kwanza, kwa jina lake. Kisha nipishe. Nimejiandalia maneno mengi, unanijua. Nikianza kueleza joto la siku ile, na miaka yangu ya kazi, na presha ya mgonjwa, nishike kiwiko uniambie: Baba, usiongeze.

Baba yako